Vanishi ya UV siku ya nne bado inanata, na jua la Mafinga linawaka. Mafundi na wakemia njooni huku

FundiChangarawe | Jumatano, saa 1:12 usiku

Kamwene wakuu.

Nina karakana ya fenicha hapa Mafinga. Kazi zangu nyingi ni paini ya Sao Hill, na mara moja moja mninga mteja akiwa na mfuko. Nimepata kazi ya mgahawa Iringa mjini, meza sita na viti ishirini na nne. Mwenye mgahawa kaniambia mapema hataki zile alama nyeupe za vikombe vya chai, kachoka nazo. Nikaenda dukani (duka silitaji), muuzaji akanitolea kopo la lita tano, vanishi ya poliyurethani ya UV. Akasema fundi, hii haichanganywi na hadina (dawa ya kugandisha), haitaki thina, haina harufu ya kukuumiza kichwa. Paka, toa nje, jua linamaliza kazi. Akaongeza kwamba huku kwetu juu jua lina UV kali kuliko Dar, kwa hiyo nisiwe na wasiwasi.

Jumamosi saa tano asubuhi nikapaka meza moja na viti viwili kwa brashi, nikavitoa uani. Kufika saa tisa meza inang'aa kama kioo, moyo ukatulia. Nikagusa. Alama ya kidole ikabaki mezani, na kidole chenyewe kinanata. Jumapili vilevile, Jumatatu vilevile. Leo vumbi la randa limeshika juu na kuna nzi wawili wamefia humo. Chini ya meza na kwenye nakshi za miguu ndiyo kabisa, bado mbichi kama asali.

Kuna mambo mawili yananichanganya. Nikikwangua ule unato kwa ukucha, chini yake nakuta pagumu. Halafu kuna kiasi nilimimina kwenye chupa ya maji ya kunywa nikakiacha dirishani, hicho kimeganda chote mpaka chupa nimeitupa. Sasa kama jua halitoshi, kwenye chupa kimegandaje? Na kama linatosha, mezani kuna nini?

LoriLaTunduma | saa 1:30 usiku

Umepigwa mkuu. Washa jiko la mkaa chini ya meza, hiyo ni baridi ya Juni tu.

MzeeWaRanda | saa 1:47 usiku

Asiwashe jiko, atachoma karakana. Fundi, kopo limeandikwa nini? Soma ubavuni, siyo mbele. Mbele wanaandika ya kuuzia.

FundiChangarawe | saa 2:05 usiku

Shikamoo mzee. Ubavuni kuna maandishi madogo: inaiva kwa taa ya UV, taa ya wati 120 kwa sentimita, kasi ya mkanda mita kadhaa kwa dakika, ipakwe kwa rola gramu 10 hadi 15 kwa mita ya mraba. Nilidhani hizo ni habari za kiwandani, hazinihusu.

MzeeWaRanda | saa 2:09 usiku

Marahaba. Basi zilikuhusu.

DadaWaKucha | saa 2:31 usiku

Kaka Fundi samahani, mimi si mtu wa mbao, nafanya kucha hapa Mwanjelwa, Mbeya. Lakini ulivyoeleza, hiyo ni jeli yetu kabisa. Jeli ya kucha hata ukiiweka kwenye taa muda wake wote, juu inabaki na unato. Hatushangai, tunafuta kwa spiriti, chini yake inatoka ngumu inang'aa. Na mteja akiingiza mkono vibaya, kidole gumba kikalala ubavu, upande ambao taa haikufika unabaki mbichi. Ndiyo maana gumba tunalipiga peke yake. Chupa zetu nazo ni nyeusi au zimepakwa rangi. Ukiacha brashi yenye jeli karibu na dirisha, jioni unakuta imekuwa mti.

Jaribu kufuta huo unato kwa spiriti uone.

MkemiaUyole | saa 3:18 usiku

Dada kamaliza nusu ya darasa, na hajakosea hata neno moja. Kemia ya jeli ya kucha na ya kopo la Fundi ni ndugu wa tumbo moja: akrileti za yurethani. Hata daktari wa meno akiziba jino na kuliwashia kitaa cha bluu, anafanya mambo ya ukoo huohuo.

Tuanze na neno. Sisi tunasema vanishi "imekauka" kwa kila kitu, na hapo ndipo tunapojichanganya. NC (ile vanishi ya selulosi tunayopuliza kila siku) inakauka kweli, kama nguo kwenye kamba: thina inaondoka, kilichobaki ni ngozi kavu. Ukiilowesha thina tena, inalainika. Ya UV haikauki, inaiva. Ni yai kwenye kikaango, likishaiva hulirudishi kuwa bichi hata ufanyeje. Ndani ya kopo mna vitu vitatu vikubwa. Kuna oligoma, minyororo mizito yenye viungo vya yurethani. Kuna monoma, vimiminika vyepesi vya kulainisha mchanganyiko ili upakike, ambavyo navyo vinaingia kwenye ngozi badala ya kuruka hewani kama thina. Ndiyo maana hukusikia harufu. Cha tatu ni kianzishi, kidogo tu, pengine asilimia chache. Mwanga wa UV ukikipiga kinapasuka na kuzaa radikali huru, vipande vyenye njaa, navyo vinaanza kuunganisha akrileti moja na nyingine kwa mnyororo. Chini ya taa ya kiwandani shughuli hiyo inaisha kwa sekunde chache.

Sasa unato. Oksijeni ya hewani nayo inazipenda sana hizo radikali. Inazidaka kabla hazijaunganisha kitu, na kilichozaliwa hapo ni kivivu, hakiendelezi mnyororo. Chini ya uso oksijeni iliyokuwemo inaisha haraka na mnyororo unakwenda. Pale juu hewa inaleta nyingine kila sekunde. Taa kali inashinda kwa sababu inazaa radikali nyingi kwa mpigo kuliko oksijeni inavyoweza kudaka. Jua linazaa kidogo kidogo, na oksijeni inadaka kidogo kidogo, kutwa nzima.

Piga hesabu uone. Jua la mchana kweupe linatoa UV-A (UV ya mawimbi marefu) kama miliwati 5 kwa sentimita ya mraba. Ni kweli huku juu ni kali zaidi, UV inaongezeka kwa karibu asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, na Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Muuzaji hapo hakudanganya. Tuseme vanishi inahitaji milijuli 600 kwa sentimita ya mraba. Kwa miliwati 5 ni sekunde 120, dakika mbili tu! Kwenye karatasi jua linatosha na kubaki. Lakini taa ya kiwandani inatoa kiasi hichohicho kwa kufumba na kufumbua, kwa ukali ambao ni mara mia au hata elfu ya jua. Jumla ni moja, ila ukali si mmoja, na vita na oksijeni inashindwa au kushindwa kwa ukali.

Kuna na la pili. Taa ya zebaki, hiyo ya kiwandani, inatoa pia mawimbi mafupi, nanometa 254 na jirani zake. Mawimbi mafupi hayazami, yanaishia usoni, kwa hiyo ndiyo yanayofunga ngozi ya juu. Mawimbi marefu ya nanometa 365 hadi 400 yanazama na kuivisha kina. Jua linalotufikia halina yale mafupi, ozoni imeshayala huko juu. Kwa hiyo Fundi umepata kina bila uso: kugumu chini, kunanata juu.

Na chupa: plastiki ile inapitisha UV-A, na ndani ya kimiminika hewa ilikuwa haba. Kikaiva chote. Hapohapo nikuonye, usijaze kopo la vanishi hii mpaka mdomoni ukidhani unaitunza. Dawa ya kuzuia isigande yenyewe inahitaji hewa kidogo ndani ya kopo ili ifanye kazi. Oksijeni inayokutesa mezani ndiyo inayokulindia kopo.

LoriLaTunduma | saa 3:40 usiku

"Vita na oksijeni inashindwa au kushindwa." Mkemia rudia sentensi, usingizi umekushika.

MkemiaUyole | saa 3:44 usiku

Anayeshinda ni mwenye ukali. Umeridhika? Nenda kalale, kesho una mzani.

FundiChangarawe | Alhamisi, saa 12:20 asubuhi

Dada ndaga fijo, asante sana (mke wangu ni wa Tukuyu, najua hilo neno tu). Nimefuta robo ya meza kwa spiriti. Unato umetoka! Chini ni pagumu kweli, lakini pamekuwa pamefifia, mng'ao umeondoka na kuna mabonde ya brashi. Miguuni ndiyo imekuwa balaa, spiriti inakuja na vanishi yote.

Mkemia, swali la kijinga. Nikiziba hewa je? Kwa mfano nikilaza plastiki juu?

MkemiaUyole | saa 12:55 asubuhi

Si la kijinga, viwandani wanafanya hivyo kwa namna yao. Wengine wanapuliza naitrojeni juu ya mkanda, wengine wanalaza filamu na kuibandua baadaye. Tafuta plastiki angavu, ngumu kiasi, isiyo na mikunjo, ile ya kulaminishia haifai kwa sababu ina gundi upande mmoja. Paka koti jembamba sana juu ya sehemu uliyofuta, lakini kwanza piga msasa namba 320 mpaka mng'ao wote ufe. Koti la UV halishiki juu ya koti la UV lililoiva kabisa, halina pa kung'ang'ania. Laza plastiki kuanzia upande mmoja ukisukuma hewa kwa kitambaa. Jua la saa sita, dakika kumi au kumi na tano. Bandua.

MtuWaLaini | saa 2:10 asubuhi

Nimefanya kazi miaka mitano kwenye laini ya mbao za sakafu, nje ya nchi, sasa nimerudi Makambako nafuga nyuki. Naomba niongeze kwa sababu watu wanaiona UV kama kopo, kumbe ni laini nzima.

Mbao inaingia ikiwa bapa, imepigwa msasa, vumbi limenyonywa. Rola ya kwanza inapaka kijazio, taa. Rola ya pili sila (koti la kuziba mbao), taa. Hapo wanaifanya iive nusu tu makusudi, ili koti lijalo lishikane nayo. Msasa mwepesi, brashi, kisha koti la mwisho na taa kubwa. Kila koti ni jembamba kuliko unywele, na mwishoni mbao inatoka ya moto kidogo, unaipanga na kufunga papo hapo. Hakuna kusubiri siku saba. Kwenye koti moja la kati wanachanganya unga wa oksidi ya alumini, mawe madogo magumu yale yale ya kwenye msasa, ndiyo maana sakafu hizo unakokota kabati na hazichuniki kirahisi. Watu wanadhani ni poliyurethani peke yake inayofanya ule ukaidi.

Fundi wewe umepaka kwa brashi. Koti lako naamini ni mara tano hadi kumi ya lile la rola. Hata ungekuwa na taa, kwenye nakshi lingejikusanya na kubaki bichi kwa ndani, au kukunjamana.

Taa nazo zina visa. Za zebaki zinataka dakika kadhaa kupata moto, na umeme ukikatika hata sekunde moja, haziwaki tena mpaka zipoe. Mkanda umesimama, mbao iliyo chini ya taa inaweza kuungua, ndiyo maana kuna milango ya kufunga haraka. Kwa umeme wetu huu wa kuja na kuondoka ningechagua taa za LED: zinawaka papo hapo, hazina zebaki, zinadumu maelfu mengi ya saa. Ila LED hazina yale mawimbi mafupi aliyosema Mkemia, kwa hiyo vanishi yake lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya nanometa 395 au 365. Ukiweka vanishi ya taa ya zebaki chini ya LED, unapata ugonjwa uleule wa Fundi ukiwa na mashine ya mamilioni.

Na taa ya zebaki inazeeka kimyakimya. Jicho linaiona inawaka vilevile, UV imeshapungua. Bila kipimo unagundua mteja anapopiga simu.

MzeeWaRanda | saa 4:00 asubuhi

Nimesoma yote. Mimi miaka thelathini napaka NC na 2K (ile ya kuchanganya na hadina), na sijaona bado kwa nini fundi wa viti aisumbukie hii kitu. Kiti kina mgongo, kina miguu ya kukereza, kina tumbo la chini. Mwanga hauzunguki kona. Imekwisha.

MkemiaUyole | saa 4:25 asubuhi

Mzee kwa viti hatubishani. Kwa milango ya fleshi, plaiwudi, sakafu na meza bapa, mtu akiwa na laini, hapo NC haisogei karibu. Ngozi ya UV imefungamana pande zote kama wavu, siyo nyuzi zilizolala tu. Asetoni inaifanya ivimbe kidogo, haiiyeyushi. Kikombe cha chai hakiachi doa jeupe. Na viungo vya yurethani vina tabia nzuri: vinashikana kwa kamba ndogo za haidrojeni zinazoachia na kushika tena, kwa hiyo ngozi inakuwa ngumu bila kuwa kavu kama kioo.

Lakini si kila kopo la UV ni la yurethani. Akrileti za epoksi ni za bei rahisi, zinang'aa na ni ngumu sana, ila zinapasuka na zinageuka njano upesi zaidi. Makopo mengi yana mchanganyiko. Hata yurethani yenyewe si moja: oligoma yenye mikono miwili ya kushika inatoa ngozi inayopinda, yenye mikono sita inatoa ngozi ya kukataa mikwaruzo lakini inayokatika. Tena inaposhikana inasinyaa, na kadiri mikono inavyokuwa mingi ndivyo inavyosinyaa zaidi na kujivuta kutoka kwenye mbao. Paini yetu inavimba masika na kunywea kiangazi. Ukiivalisha koti gumu kupita kiasi, koti ndilo litakalopasuka.

Kipimo cha bure: chora mistari sita kwa wembe, na sita ya kuikata, bandika selotepu, sugua, ng'oa kwa mkupuo. Vikitoka vijiraba, haikushika.

JirekeJua | saa 5:02 asubuhi

Wakuu mbona mnazunguka? UV maana yake inazuia UV ya jua. Mimi nimepaka milango ya nje ya nyumba yangu Uyole kwa sababu hiyo.

MkemiaUyole | saa 5:30 asubuhi

Hapana ndugu yangu, na hili ndilo kosa linalouza makopo mengi. Kuna "inaivishwa na UV" na kuna "inastahimili UV". Ni mambo mawili, na yanagombana. Vanishi ya nje inawekewa dawa ya kunyonya UV ili mbao isichomeke. Ukiiweka dawa hiyo kwenye vanishi ya kuivishwa, inanyonya mwanga uleule ambao kianzishi kinauhitaji. Inawezekana kupatanisha, wanachagua kianzishi kinachokula mawimbi marefu kidogo na wanaongeza vidhibiti vya jamii nyingine visivyonyonya mwanga, ila ni kazi ya mtengenezaji, haiji yenyewe kwa herufi mbili kwenye kopo.

Halafu kuna suala la njano. Poliyurethani, iwe ya UV au ya hadina, ina koo mbili. Ile iliyotokana na isosianeti (malighafi ya poliyurethani) zenye pete za aromatiki inageuka njano juani. Ile ya alifatiki inatulia. Ya kwanza ni nafuu, kwa hiyo kama bei ilikufurahisha sana, tazama mlango baada ya miezi. Na paini yenyewe inageuka rangi chini ya vanishi hata kama vanishi imebaki safi.

JirekeJua | saa 5:41 asubuhi

Dah. Mlango umekuwa rangi ya chai ya rangi. Nilidhani ndiyo umri.

TukuyuMvua | saa 7:15 mchana

Sisi tusio na jua kabisa tunasemaje? Mwaka jana nilipuliza 2K kwenye kabati, Aprili, mvua haikatiki. Ikatoka na vipovu vidogo vidogo kama maandazi. Nikalaumu kompresa.

MzeeWaRanda | saa 8:00 mchana

Kompresa nayo inatema maji, fungua ile koki ya chini kila asubuhi. Thina uliyotumia ni ipi?

TukuyuMvua | saa 8:06 mchana

Ya NC. Ndiyo iliyokuwepo.

MzeeWaRanda | saa 8:10 mchana

Nilijua.

MkemiaUyole | saa 9:20 alasiri

Mzee yuko sahihi, sababu ni hii. 2K inaiva kwa isosianeti ya kwenye hadina kushikana na polioli ya kwenye kopo kubwa. Ni kemia aliyoianzisha Otto Bayer na wenzake kule Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Isosianeti haichagui: ikikutana na maji inashikana nayo na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, hivyo ndivyo vipovu vyako. Ikikutana na alkoholi inaliwa nayo pia, na thina ya NC mara nyingi ina alkoholi, na unyevu wa bure juu yake. Hadina yako ikaliwa kabla haijafika kazini. Tumia thina ya PU (poliyurethani), pima uwiano ulioandikwa kwenye kopo kwa kikombe na siyo kwa macho, na mbao iwe imekauka, asilimia 12 hivi za unyevu.

Uzuri mmoja wa UV ni kwamba isosianeti imeshatumika yote kiwandani kwao, kwenye kopo hakuna ya kukuharibia mapafu. 2K ukiipuliza bila kinyago kinachofaa unatafuta pumu, na ikishakushika hata harufu yake kidogo inakurudisha kitandani.

DadaWaKucha | saa 10:05 alasiri

Msiwadanganye watu kwamba UV haina madhara, Mkemia. Mwenzangu aliacha kazi hii kwa sababu ya vidole. Vilianza kuwasha, vikapasuka, vikavimba. Ni jeli mbichi ikigusa ngozi kila siku. Hospitali walimwambia mwili ukishaikataa umeikataa moja kwa moja. Sasa hata akigusa kopo tu anavimba. Kaka Fundi umekuwa ukigusa huo unato kwa kidole siku nne.

MkemiaUyole | saa 10:20 alasiri

Nakubali, nilipitiwa. Akrileti mbichi ni mzio mbaya, na monoma ndogo ndizo mbaya zaidi. Glavu za naitraili, za mpira wa kawaida zinapitisha. Ukichafuka osha kwa sabuni na maji, usifute kwa thina, thina inaisukuma ndani ya ngozi. Na vumbi la msasa kutoka sehemu ambayo haijaiva, vaa barakoa. Matambara yenye vanishi yaanike juani yaive kabla hujayatupa. Kwa mwenye taa: usiitazame. Fundi wa kuchomelea anayajua yale macho ya mchanga usiku, ni mwanga wa aina hiyohiyo.

TukuyuMvua | saa 11:30 jioni

Kuna mtu aliniambia kuna UV ya maji, ndiyo itafaa mvuani.

MtuWaLaini | saa 12:40 jioni

Ipo, ni matone ya poliyurethani ndani ya maji. Nzuri kwa kupuliza kwa sababu ni nyepesi, na ukitaka isiyong'aa inakupa kirahisi kuliko ile isiyo na maji. Lakini maji lazima yatoke YOTE kabla ya taa. Kwenye laini inapita tanuri la joto la wastani kwanza. Ukiwahisha taa unafungia maji ndani, unapata ukungu mweupe usiotoka mpaka ukwangue. Kwa Tukuyu ya Aprili, bila chumba chenye joto, utasubiri mpaka uchoke.

Na nyeupe! Mtu asije akanunua UV nyeupe ya milango akadhani ni rangi kama nyingine. Titani dayoksaidi, ule unga mweupe, inazuia UV isizame. Inataka vianzishi vyake na taa yake.

FundiChangarawe | Jumapili, saa 1:05 usiku

Wakuu narudi na majibu.

Nimenunua plastiki angavu nzito kwa mtu wa mabango, nikanyoosha juu ya meza kama Mkemia alivyosema. Jaribio la kwanza nilipaka nene, mapovu yakanasa chini ya plastiki, nikakwangua lote. La pili nikapaka kwa kipande cha sponji, karibu hakuna kitu, nikasukuma kwa leso kutoka katikati. Saa sita na nusu, dakika kumi na tano kwa saa ya simu. Nikabandua.

Jamani. Pamekuwa kama kioo cha simu. Hakunati. Nimepiga mistari kwa wembe na selotepu, kijiraba kimoja tu kimenyanyuka, pembeni, ambapo nadhani msasa haukufika. Nimeweka sufuria ya chai kutoka jikoni dakika ishirini, hakuna alama.

Lakini nimepima muda: meza moja imenila siku nzima. Na mfuko mmoja wa hewa umeniachia duara linalonata ukubwa wa shilingi mia, nikalirudia mara mbili. Miguu na viti nimeosha kwa asetoni na brashi ya meno, nimevaa glavu (dada nimekusikia), nikapiga msasa, na jana MzeeWaRanda kanielekeza kwa simu nikapuliza 2K yenye thina yake. Tatizo lililobaki ni kwamba juu kunang'aa kuliko miguu. Mke wangu anasema hakuna atakayetazama miguu ya meza mgahawani.

Meza tano zilizobaki zote napiga 2K, juu na chini. Mteja nimemwambia ukweli, na kwamba asilaze sufuria ya moto wiki ya kwanza mpaka ikomae. Kopo la UV limebaki zaidi ya nusu.

MzeeWaRanda | saa 1:20 usiku

Miguu hawatazami, lakini wanaipiga teke. Umefanya vizuri kuweka 2K.

LoriLaTunduma | saa 1:26 usiku

Kwa hiyo jiko la mkaa halikuhitajika kabisa?

DadaWaKucha | saa 1:58 usiku

Kaka Fundi hongera. Sasa na mimi nina shida yangu. Meza yangu ya kazi ni ya NC, asetoni ikidondoka inachimba shimo, nimeifunika kitambaa cha plastiki mpaka aibu. Ni bapa, haina nakshi, sentimita 90 kwa 45. Hilo nusu kopo lako si lingetosha?

FundiChangarawe | saa 2:04 usiku

Linatosha na kubaki. Nikiwa nakuja Mbeya Alhamisi nitaibeba plastiki, wewe niandalie uani pasipo kivuli saa sita. Asetoni ya kujaribia utoe wewe.

MkemiaUyole | saa 2:11 usiku

Alhamisi nipo Mwanjelwa mchana. Nakuja kuangalia.